Adabu ya Kiingereza Mbele ya Mamba

Mwaka jana alinijia binti mmoja hapa nyumbani Makwale, amemaliza chuo cha hoteli, cheti chake kakitia kwenye bahasha ya plastiki. Nilikuwa nageuza kokoa kwenye jamvi. Hakunisalimu. Alisimama pembeni ya uwanja, akatabasamu tabasamu la kubandikwa kwa gundi, akasema, "Would you prefer me to sit or to stand?"

Nikamtazama. Kigoda kiko pale. Kivuli kiko pale. Mimi nimeinama, mgongo unaniuma, naye ananiuliza kwa Kizungu napenda nimwone katika mkao gani.

"Mwanangu," nikamwambia, "anza na salamu ya kwetu, ugonile, halafu kaa."

Akakaa. Alikuwa ameitwa usaili kwenye hoteli moja ya ufukweni, na kasikia kwamba mimi, Mama Ipyana, nimemaliza ujana wangu nikibeba sahani mbele ya wageni. Alitaka nimnyooshee Kiingereza. Nilimnyooshea mpaka jua likaondoka uani. Tangu siku hiyo ninyi vijana mnakuja mmoja mmoja, kila mtu na "would you" yake ya moto kutoka kwenye simu, na kokoa yangu inaota ukungu. Basi nitasema mara moja, mwambiane wenyewe.

Mimi ni mtoto wa Ngonga. Nimelelewa kwamba ukimpelekea mkubwa maji, goti linatangulia, maji yanafuata. Ukimuuliza jambo, unauliza ukiwa chini na sauti imeshuka. Maneno yenyewe yanaweza kuwa makavu, "Mtakula ugali au wali?" na hakuna atakayenuna, kwa sababu goti limeshasema yote. Nilipopata kazi hotelini kule Matema, nikawapelekea wageni maneno makavu yaleyale kwa Kiingereza. "You want fish or you want chicken?" Mzungu wa watu akarudisha kiti nyuma kidogo.

Mpishi wetu, Mzee Salum, alikuwa anachungulia kwenye kidirisha cha jikoni. Alizaliwa Kyela mjini, dukani kwa baba yake, lakini babu yake alitoka Kilwa, na haikupita siku bila kutukumbusha. Alikuwa amepika miaka mingi kwenye meli ya ziwani, na Kiingereza chake alikiokota humo, kwa manahodha na abiria. Mdomo wake ulikuwa shubiri.

"Binti," akaniita, "yule mgeni amekukosea nini?"

"Hajanikosea, Mzee."

"Mbona unamhoji kama mwizi wa kuku?"

Wenzangu wakacheka. Mzee Salum hakucheka. Alijifuta mikono kwenye aproni, akanieleza. "Hawa watu hawapigi magoti. Goti lao wamelitia ndani ya neno. Neno lenyewe ni 'would'. Ukimwambia mtu 'do you want', umesimama wima, umeshika kiuno. Ukimwambia 'would you like', umeinama. Ukimwambia 'would you prefer', umeinama na umeshika vitu viwili, unamwachia achague. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mzee."

"Hujaelewa. Rudi ukamuulize tena."

Nikarudi. "Would you prefer fish or chicken, sir?" Yule mgeni akatabasamu, akasema, "Yes, please."

Ndiyo nini? Samaki au kuku? Nikarudi jikoni nimechanganyikiwa, na Mzee Salum akaipiga meza konde. Kumbe nilipandisha sauti mwisho. Sikilizeni, maana vyuo vyenu havifundishi hili: kitu cha kwanza sauti inapanda, kitu cha pili sauti inashuka. Fish, juu. Chicken, chini. Ukipandisha kote kuwili, mgeni anadhani unamuuliza kama ana njaa. Na mkikaa mkasema "I prefer fish than chicken", msiseme mlinijua. "Prefer" inakwenda na "to". Inayotembea na "than" ni "rather". Mzee Salum alikuwa akisikia mtu anazichanganya, anatia "Lahaula" na kuufunga mlango wa jikoni.

Lakini jambo lililomchoma roho kuliko yote halikuwa sarufi. Asubuhi moja mwenzetu mmoja alimuuliza mama wa Kijerumani, kwa sauti tamu, ya kupanda na kushuka, kama angependelea chai au kahawa. Kahawa. Vizuri sana. Tatizo, kahawa ilikuwa imeisha tangu jana yake, na yule mwenzetu alijua. Tukamuuliza, sasa kwa nini uliuliza? "Ndivyo inavyosemwa," akajibu. Bodaboda ikatumwa Ipinda, na siku hizo barabara ilikuwa matope matupu. Yule mama alikunywa kahawa yake watu wakiandaa meza za mchana.

"Ulimpa achague kati ya nini na nini?" Mzee Salum alimuuliza. "Chai na hewa?"

Ugonjwa huo leo umeenea hadi nje ya hoteli. Ingia ofisi yoyote hapa wilayani, binti wa mapokezi atakuuliza kwa Kiingereza kama ungependelea kumwona mkubwa asubuhi au alasiri. Unasema asubuhi. Unakuja asubuhi, mkubwa yuko Mbeya kwenye semina. Alasiri pia yuko Mbeya. Lakini umeulizwa kwa adabu! Nyie mnayaona haya maendeleo. Mimi naona ni kumfanya mtu mjinga kwa lugha ya kukodi.

Mzee Salum alistaafu, akarudi mjini kwa wanawe. Sisi tukaletewa meneja mpya.

Jina lake silitaji, nitamwita Meneja. Alitoka Dar, amevaa suti katika joto la Matema, shingo imevimba kama chura. Siku ya kwanza alitukusanya chini ya paa la baa, akatangaza sheria yake: mgeni haambiwi, mgeni anaulizwa. Maneno "don't", "must" na "stop" yasisikike kamwe ndani ya hoteli yake. Kila jambo ligeuzwe liwe swali la kupenda. Na mgeni akishajibu, basi, usibishane naye. Umeme ukikatika, tulitakiwa tugonge mlango na kuuliza, "Would you prefer a candle, madam?" Mtu yuko gizani anapapasa ukuta anatafuta choo, wewe unamuuliza kama angependelea mshumaa. Angependelea nini kingine?

Yeye mwenyewe alikuwa na hicho Kiingereza? Ngoja niwaambie. Siku moja bomba lilipasuka chumbani kwa mgeni, na Meneja akaenda mwenyewe kumwomba ahamie chumba kingine. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba mashuka. "Would you mind moving to another room, sir?" Mgeni akasema, "No, not at all."

Sasa, "would you mind" maana yake ni kama kumuuliza mtu, je, itakuudhi? Akisema "no", anasema haitamuudhi, amekubali. Mtoto aliyefundishwa na Mzee Salum analijua hilo hata akiwa usingizini. Lakini Meneja alisikia "no" tu, akadhani amekataliwa. Akaanza kumbembeleza. Mgeni akasema "no" nyingine, tena kwa furaha, na mkoba keshauchukua. Meneja akazidi kuomba radhi, jasho linamtiririka, mpaka mgeni akawa amesimama nje na mizigo yake yote, na Meneja bado yuko ndani ya maji, anamsihi. Niliuma shuka nisicheke.

Huyo ndiye aliyetufundisha adabu. Na katika wanafunzi wake, aliyeshika kuliko wote alikuwa Gwakisa.

Gwakisa alikuwa mhudumu wa ufukweni, kijana mpole, mrefu, mtoto wa Njisi. Hakuwa mpumbavu. Niseme hivyo mapema, maana mtakuja kumcheka. Alikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake shuleni, na kazi ile ndiyo iliyokuwa mhimili wao. Mtu wa namna hiyo akiambiwa na bosi kwamba neno "stop" litamfukuzisha kazi, neno hilo analisahau kabisa.

Kilikuwa kipindi cha baada ya mvua kubwa. Mto Lufilyo ulikuwa umejaa, umeleta matope na magogo ziwani, na wote tuliozaliwa pande zile tunajua kwamba wakati huo mtu haogi karibu na mlango wa mto. Mamba wanashuka na maji. Palikuwa na kibao cha onyo pale, lakini Meneja alikuwa amekingʼoa kwa sababu kilianza na "do not".

Asubuhi hiyo walikuwepo wageni wawili, mume na mke, watu wazima waliostaafu kama mimi sasa. Mke alikuwa amekaa mchangani anasoma kitabu. Mume, mzee mnene mwenye mabega mekundu, alikuwa anaogelea, na kila akipiga mkono anasogea upande wa mto. Mimi nilikuwa natandika vitambaa kwenye meza za nje. Karibu nami, ukingoni, Mama Sekela alikuwa anashusha vyungu kwenye mtumbwi. Mama Sekela ni Mkisi wa Ikombe, anafinyanga na kutuletea vyungu vya kupambia baa. Ghafla akaacha kushusha. Akasimama ndani ya mtumbwi, mkono juu ya macho.

"Mama Ipyana," akaniita, wala hakupaza sauti. "Gogo lile linakwenda kinyume na maji."

Nikaangalia. Gwakisa alikuwa karibu zaidi na maji kuliko mimi, na trei ya juisi mkononi, naye alikuwa amesikia. Nikamwona anatembea haraka hadi ukingoni. Nikashusha pumzi. Nikajua atamtoa yule mzee.

Gwakisa akasimama, akanyoosha mgongo, trei imetulia kwenye kiganja kama alivyofundishwa. Akasema, "Excuse me, sir. Would you prefer to swim on this side, or on that side?"

Sauti ilipanda, sauti ikashuka. Mzee Salum mwenyewe asingepata la kusahihisha.

Mgeni akageuka majini, akapunga mkono. "I'm quite happy here, thank you!"

Na Gwakisa akainamisha kichwa. Akageuka. Akaanza kurudi.

"Gwakisa!" nikamwita. "Umemwambia nini?"

"Nimemuuliza, Mama." Trei bado iko kiganjani. "Amesema anapendelea hapohapo."

Vitambaa sikumbuki nilivitupa wapi. Nilikimbia mpaka maji yakanifika magotini, nikapiga kelele kwa lugha zote nilizopewa na Mungu. "Toka! Get out! Crocodile! Out, out, out!" Nikachanganya na Kinyakyusa, na maneno mengine siyarudii mbele yenu. Mgeni alisimama majini, amekunja uso, kama mtu aliyesukumwa kanisani. Hakusogea. Bado alikuwa anatafuta adabu yangu imekwenda wapi. Ndipo Mama Sekela alipochukua chungu na kukirusha kati yake na lile gogo. Kikapasuka juu ya maji kwa kishindo. Akarusha cha pili. Kisha akashika kasia akaanza kuupiga ubavu wa mtumbwi kama ngoma. Gogo likafumbua macho.

Mgeni akaliona. Jamani, sijapata kuona mzee akiogelea vile. Alitoka majini kwa mikono na magoti, akajichubua kwenye mawe, na mke wake alikuwa tayari yupo ukingoni na nguo yote imelowa, anamvuta mkono. Gogo likazama taratibu, bila haraka. Maji yakatulia. Hakuna aliyeumwa.

Mngedhani hadithi imeishia hapo, kwa pole na ndaga, yaani asante. Lakini hamumjui binadamu aliyeaibika. Yule mzee, alipokwisha kutetemeka, alikumbuka kwamba watu wote wa ufukweni walimwona akitambaa. Mchana akaenda ofisini kulalamika. Hakulalamikia mamba. Alilalamika kwamba mfanyakazi mwanamke alimpigia kelele na kumwita kama anaita mbuzi.

Meneja akaniita. Gwakisa naye alikuwepo, amesimama kwenye kona.

"Mama Ipyana," Meneja akasema, "mwenzako alizingatia taratibu. Nimemsifu. Wewe umempigia mgeni kelele. Get out! Unamfukuza mgeni kwenye ziwa aliloliendea?"

"Kulikuwa na mamba, Bwana Meneja."

"Hilo ni suala la mazingira. Mimi nazungumzia huduma."

Niliwaza ada ya mwanangu Ipyana na nyumba yetu ambayo ilikuwa haijaezekwa, nikaumeza ulimi wangu. Akanipa amri: kesho yake wakati wa kifungua kinywa niende mezani kwao, mbele ya wageni wengine, nimwombe radhi kwa Kiingereza cha heshima. Nikikataa, nichukue vitu vyangu.

Usiku huo sikulala. Si kwa hofu tu. Nilikuwa natunga sentensi.

Asubuhi nilivaa sare iliyopigwa pasi, nikajifunga kitambaa cheupe, nikaenda. Meneja alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, na kikombe chake cha chai mezani kando yake. Wageni walikuwa wanakula papai. Yule mzee hakunitazama, alikuwa anapaka siagi kwenye mkate. Mke wake alinitazama.

"Good morning, sir. Good morning, madam," nikasema. "Yesterday I shouted at you, sir, and I am sorry that you were upset." Hapo Meneja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nikaendelea, kwa upole uleule, sauti chini. "May I ask you, for next time? Would you rather I shouted, or would you rather I asked?"

Kisu cha siagi kikasimama. Niliona shingo ya yule mzee inageuka nyekundu kuanzia kwenye kola, na nikasema moyoni, basi, kazi imekwisha.

Mke ndiye aliyejibu. Aliweka kikombe chini taratibu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. "I'd rather have my husband," akasema. "Thank you."

Yaani, yeye angependelea abaki na mume wake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Mzee akakohoa. Akausukuma mkono wa mkewe kidogo, kisha akaushika tena, akaubana. "Shout," akaniambia, akiangalia mkate. "Shout, please." Halafu akaomba chai. Nikamletea, ya moto, na sikumuuliza kama angependelea maziwa. Nilishajua anakunywa ya rangi.

Sasa msinitazamie niseme Meneja alijuta. Watu wa aina yake hawajuti, wanahamishwa. Alisema ofisini kwamba radhi yangu haikufuata mfano aliotupa, lakini kwa kuwa mgeni karidhika, anafunga suala. Kibao cha onyo tulikirudisha wenyewe, mimi na Mama Sekela, tukakigongelea kwa jiwe, "DO NOT" ikiwa juu kwa herufi kubwa kuliko zote. Meneja alipita akakisoma, akafanya kama hakukiona. Nasikia sasa yuko hoteli kubwa zaidi, anafundisha.

Aliyeniuma ni Gwakisa. Siku ile ya radhi nilimkuta nyuma ya jiko, amekaa juu ya kreti la soda, hajala.

"Mama," akaniuliza, "mimi niliuliza vibaya?"

Nilitaka kumwonea huruma. Lakini huruma ya uongo nayo ni kama kahawa isiyokuwepo.

"Uliuliza vizuri sana," nikamwambia. "Sarufi yako haikuwa na kosa hata moja. Yule mzee angeliwa kwa Kiingereza safi."

Akafunika uso kwa viganja, akalia, kijana mrefu vile, mabega yakicheza. Nikakaa chini karibu naye. Nikamweleza ambalo hakuna aliyewahi kumweleza: watu wanaulizwa wanachopenda pale ambapo majibu yote mawili ni salama. Chai au kahawa. Kivulini au juani. Dirisha wazi au limefungwa. Jibu moja likiwa na meno, hapo hapana swali. Hata Waingereza wenyewe nyumba ikiwaka moto hawaulizani. Akaniuliza, na akifukuzwa? Nikamwambia ukweli, kwamba hilo siwezi kumwahidi. Mama yake alikuwa mgonjwa vilevile, na wadogo zake walikuwa shuleni vilevile.

Haukupita muda mrefu wakaja wageni wenye watoto. Tulikuwa tunaandaa meza za nje, na Meneja amekaa kwenye ile yenye kivuli, chai mkononi, anawaeleza wazazi wao kuhusu viwango vya huduma. Watoto wakachomoka mbio mchangani kuelekea mtoni, wanacheka. Gwakisa alikuwa amebeba trei ya glasi. Aliiachia. Glasi zote zikaenda chini.

"STOP!" akapiga ukelele ambao nadhani waliusikia Ikombe.

Watoto wakaganda kama vinyago. Wazazi wakaruka kwenye viti vyao, wakawakimbilia. Na Meneja, suti yake ile nzuri, chai yote ikamwagikia mapajani.

Gwakisa akamsogelea, bado anahema, akachukua kitambaa begani, akainama.

"Sorry, sir," akasema. "Would you prefer a towel, or a napkin?"